Mzee Komeo na Umoja wa Funguo

Mtaa mzima ulimwita Mzee Komeo, na wala si kwa sababu ya ufundi wake wa vitasa. Mafundi wa vitasa wako wengi na hakuna anayewapa majina. Huyu aliitwa Komeo kwa sababu mlango wake ulikuwa na kitasa imara, na kwa ndani komeo juu na komeo chini, na ukibisha hodi ulijibiwa kwanza kwa kimya, kisha kwa swali: "Nani?" Ukishajitaja linafuata la pili: "Uko na nani?" Hata aliyekuja peke yake alijikuta akigeuka nyuma kutazama.

Watu walimcheka, na mimi pia ningemcheka, ila tumpe haki yake kwanza. Mtu aliyefungua milango ya wenzake tangu ujana mpaka mvi huona mengi. Siku moja kijana aliyevaa nadhifu alimjia kibandani: "Fundi, baba kapoteza ufunguo, twende ukatufungulie." Komeo akaenda, akafungua, akashukuriwa, akaondoka. Juma lililofuata akaja baba mwenyewe, anataka kitasa kipya cha nyumba ambayo haikuwa tena na kitu cha kuibwa, hata mapazia yalikuwa yamekwenda. Mzee wa watu alikaa kwenye benchi akauliza, "Hivi fundi gani aliwafungulia?" Komeo akasema hajui. Toka siku hiyo hakuogopa sana wezi wa usiku. Aliowaogopa ni wale wanaokuja mchana na kukuita baba.

Basi mkewe alipofariki na mikono ilipoanza kutetemeka, alifunga kibanda, akahamishia jiriwa na tupa zake chumba cha nyuma, akabaki peke yake ndani ya nyumba waliyoijenga wawili kwa kujinyima. Binti yake wa pekee aliishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, akimpigia simu kila jioni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka alikuja: homa kali ilimlaza Komeo, simu ikaita mpaka ikachoka, na binti alipofika alimkuta baba yake akitambaa kutoka kitandani kuja kufungua makomeo, huku yeye analia nje dirishani.

Alipopata nafuu, binti alikaa mbele yake na kikombe cha uji.

"Baba, chagua. Ama uingie kwenye ule umoja wa wazee wa hapa mtaani, ama ufunge virago uje kwangu na nyumba tuiuze."

"Umoja upi?"

"Wa Mwenyekiti. Alinipigia simu."

"Namba yako kaipata wapi?"

"Ulimpa mwenyewe, baba, wakati wa msiba wa mama."

Komeo alikunywa uji wake, lakini hilo aliliweka akilini. Mwenyekiti anapiga simu kwa watoto wa watu. Na nyumba inatajwa kuuzwa, uji haujapoa. Alimpenda mwanawe, ila alipomtazama akiosha kikombe alijiuliza kama na yeye siku moja ataleta fundi.

Mkutano ulifanyika alasiri, katika darasa la shule ya msingi, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia videvu. Mwenyekiti, aliyekuwa tarishi wa posta enzi zake, alimkaribisha kwa mikono miwili. Makaribisho yale yalimzidishia Komeo shaka. Chai ilipoletwa alishika kikombe mpaka akawaona wengine wameshakunywa, ndipo akaonja. Ada aliyotajiwa ilikuwa ndogo mno. Vya bure ghali, alisema moyoni.

"Mwenye umoja huu ni nani?" aliuliza.

"Ni sisi, ndugu yangu," alijibu Mwenyekiti.

"Sisi nani?"

"Sisi hawa unaotuona."

"Na tusiowaona?"

Darasa likaangua kicheko. Komeo hakucheka. Hapo Mwenyekiti akaeleza desturi yao, na ndipo machale yalipomcheza kweli. Kila mwanachama humpa mwenzake ufunguo wa mlango wa mbele. Mwenzako hupita asubuhi, anabisha hodi. Ukiitika "Nipo," anakwenda zake. Usipoitika, anafungua na kuingia. Jioni wewe unampitia yeye, hivyo hivyo. Na makomeo ya ndani hayaruhusiwi, maana ufunguo haupiti kwenye komeo.

"Maisha yangu yote nimechonga funguo ili watu wengine wasiingie," alisema Komeo. "Leo mnaniambia nizigawe?"

"Kwani una nini ndani, Komeo, dhahabu?" Sauti ilitoka dawati la nyuma. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, na wote walimwita Mkunga tu.

"Nina vyangu," alijibu.

"Mimi nina paka. Nitakupa ufunguo wangu, umwibe huyo paka, ana kelele."

Wakacheka tena. Komeo aliwatazama mmoja mmoja. Watu wanaocheka sana, alijiambia, wana lao jambo. Lakini akiwaza basi la binti yake na chumba cha wageni kinachomsubiri huko, akaona maji yamemfika shingoni. Alisema ataingia.

Sasa msikilize huyu mzee alivyokuwa. Kesho yake alijifungia chumba cha nyuma, akabana ufunguo mpya kwenye jiriwa, akauchonga taratibu kwa tupa. Aliuchonga vizuri, unang'aa, unaingia kwenye tundu bila kukwama. Ila jino moja alilipunguza unywele tu. Ufunguo ule uliingia, ukaanza kuzunguka, ukagota hapo hapo. Jicho la mtu wa kawaida lisingeona kasoro yoyote. Aliujaribu mara kadhaa mlangoni mwake mwenyewe, kila mara mlango ulikataa, na kila ulipokataa alitabasamu.

Mkunga alipangwa kuwa mwenzake. Alipokuja, Komeo alishika bisibisi akayang'oa makomeo yote mawili mbele ya macho yake, bila kinyongo, kwa ukarimu uliomshangaza hata Mkunga. Kisha akamkabidhi ufunguo.

"Kumbe watu wanakusingizia," alisema Mkunga. "Wewe ni muungwana."

Naye akampa wake. Komeo aliugeuza kiganjani, akaona ni ufunguo wa kweli, umelika kwa kutumika miaka mingi. Alimshangaa mwanamke yule. Kampa nyumba yake nzima mkononi, mtu asiyemjua vizuri. Ama ni mjinga, aliwaza, ama ni mjanja kuliko mimi.

Basi wakaanza. Asubuhi Mkunga alipita akienda dukani kununua mkate: "Hodi! Komeo!" "Nipo!" "Haya." Jioni Komeo alikwenda akagonga dirisha lake: "Mkunga!" "Nipo, karibu chai." Mwanzoni hakuingia. Baadaye aliingia akasimama. Baadaye tena akakaa, paka akampanda mapajani. Mkunga alimsimulia habari za wodini, za waume waliozimia wakati wake zao wako imara, na Komeo akajikuta anacheka mpaka machozi, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

Lakini shaka haikumtoka. Kila alipotoka nyumbani alipaka unga wa penseli kwenye mdomo wa tundu la ufunguo, na kila aliporudi aliinama kutazama kama kuna aliyejaribu. Hakuna aliyejaribu. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alisema, "Mwizi hodari ana subira." Mkunga akiingia kwake na kusifia kabati, usiku alilihesabu kabati lile kuwa limeshaondoka. Mara mbili tatu alichukua tupa ili achonge ufunguo wa haki, akabadilishe, na mara zote aliirudisha tupa mahali pake. Alijiambia atangoja kwanza amjue vizuri.

Siku ile aliamka mapema akaenda kuoga. Sakafu ya bafu ilikuwa na povu la sabuni, mguu ukateleza, nyonga ikapiga ukingo wa saruji. Maumivu yalikuwa makali hata sauti ikamkauka. Alilala ubavu, maji ya bomba yanamwagika juu ya mkono wake, hawezi kujiinua wala kuufikia mlango wa bafu, na bafu lenyewe lipo mwisho wa ujia unaoanzia mlango wa mbele. Hofu haikumshika bado. Alijua Mkunga atapita.

Na Mkunga akapita. "Hodi! Komeo!"

"Nipo," alisema, ila lilitoka pumzi tupu.

"Komeo! We Komeo!"

Kisha akausikia ufunguo ukiingia mlangoni. Uliingia vizuri, laini, kama alivyouchonga. Ukazunguka kidogo. Ukagota.

Komeo alifumba macho. Ufunguo ukatolewa, ukarudishwa. Ukagota. Alimsikia mwanamke yule akisema peke yake, "Si huu? Huu ndio. Au ni ule?" Akasikia funguo zikichanganywa, moja baada ya nyingine zikijaribiwa, bila shaka hata ule wa nyumba yake mwenyewe, kisha tena ule wa kwanza. Sauti ya Mkunga ilikuwa imeanza kupanda, sauti ya mtu anayetafuta njia gizani. "Nimefanyaje mimi? Mungu wangu, nimefanyaje?" Kisha hatua zikaondoka, kukawa kimya, na hapo ndipo Komeo alipolia kwa woga. Mchimba shimo alikuwa ameingia mwenyewe.

Aliyemtoa ni seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa na Mkunga akaja na mtaimbo. Mlango ulipasuka, kitasa kikavunjika vipande vipande. Hospitali walisema nyonga haikuvunjika, imepata ufa tu, na kwamba angeendelea kulala kwenye maji yale wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Binti akaja, akamuuguza, akamrudisha nyumbani na magongo mawili. Mlango mpya ulikwisha kuwekwa.

"Kama si Mkunga, baba," binti alirudia kila siku. "Kama si yule mama!"

Komeo alijifanya hamnazo. Kitasa kimevunjika, vipande vimetupwa, shahidi hakuna. Lakini Mkunga mwenyewe hakuja kumtazama, na hilo lilimkosesha raha. Atakuwa amejua, aliwaza. Atakuwa ameupeleka ufunguo kwa fundi mwingine, ukasomwa, na sasa anangoja nijifunge mwenyewe. Alijipanga atakavyokana.

Aliyekuja ni Mwenyekiti, na mkononi hakuwa na ushahidi wowote. Alikaa, akaomba maji, akatazama chini.

"Mkunga amejitoa kwenye umoja," alisema. "Alisimama kikaoni akasema mwenyewe, mbele yetu sote. Kichwa chake hakifanyi kazi tena. Eti alisimama mlangoni kwako hakujua ufunguo upi ni upi, na wewe unakufa ndani. Kamwita mwanawe aje amchukue. Nyumba itafungwa." Akapangusa uso. "Ndugu yangu, mama yake alikufa hajui hata jina la mtoto wake. Hicho ndicho anachokiogopa kuliko kaburi."

Hata hapo, niseme ukweli, shaka ilimtupia Komeo neno la mwisho: pengine ni mtego, pengine wamepanga wote wawili. Alimtazama tarishi yule mzee akiomboleza rafiki yake, na kwa mara ya kwanza aliichukia shaka yake mwenyewe kama mtu anavyomchukia mbwa wake aliyemng'ata mgeni.

Alikwenda jioni ile ile, kwa magongo, akikataa kusindikizwa. Mwana wa Mkunga alimfungulia kwa adabu. "Karibu, baba, shikamoo." Sebule ilijaa maboksi. Mkunga alikaa katikati yake, mikono mapajani, paka hayupo. Alikwisha kupewa jirani.

"Umepona, kaka?" aliuliza. Kabla hajajibiwa akaendelea, "Unisamehe. Nilisimama pale kama mjinga. Nilikuwa nasikia maji yanamwagika, na mkono wangu haujui kufungua mlango."

Komeo alikuwa amejipangia maneno njiani. Yote yakampotea.

"Hukukosea, dada. Ufunguo ule haufungui."

"Nilichanganya."

"Hukuchanganya. Niliuchonga usifungue. Jino nililipunguza mwenyewe, kwa makusudi."

Mkunga alivaa miwani, akamtazama. "Kwa nini?"

"Nilidhani mtaniibia."

"Tukuibie nini?"

Komeo alitafuta. Aliizunguka nyumba yake yote kwa mawazo, chumba hadi chumba, hakupata cha kutaja.

"Mwanangu, njoo," aliita Mkunga. Kijana akaja na gundi ya kufungia maboksi mkononi. "Komeo, rudia. Nataka asikie na yeye." Komeo akarudia. Kijana alikaa juu ya boksi. Mkunga alianza kulia, si kwa kelele, na alipomaliza hasira ilikuwa imepata nafasi.

"Unajua nimeishije tangu siku ile? Nikiweka chungu jikoni nakaa nakitazama, nisije nikakisahau. Njia ya dukani naitembea nikijitajia nyumba za watu, ya fulani, ya fulani, nisipotee. Nimegawa paka wangu. Wewe uliogopa nitakuibia vyombo, ukaniibia kichwa changu."

"Nisamehe, dada."

"Leo sikusamehi." Akapenga kamasi. "Mimi nilijianika mbele ya watu wote. Na wewe utasema mbele yao. Hapa kwangu haitoshi."

Mkutano uliofuata, Komeo alisimama mbele ya darasa, chini ya ubao, magongo kwapani, binti yake amekaa mlangoni. Alisema yote bila kujitetea. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Sura zile zilizokuwa zikicheka sana zilimtazama kwa jicho alilolijua vizuri, kwa sababu lilikuwa lake: jicho la mtu anayejiuliza huyu anataka nini hasa.

"Sheria yetu mnaijua," alisema Mwenyekiti. "Asiye na mtu wa kushika ufunguo wake si mwanachama. Nani atashika wa Komeo?"

Mmoja alikohoa. Mwingine aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Komeo alimwona binti yake akiinamisha kichwa, akajua anachowaza: basi, chumba cha wageni, nyumba kuuzwa. Angeweza kuomba, ila hakuona kwa uso gani.

"Lete," alisema Mkunga kutoka nyuma. "Lakini tunakwenda kuujaribu sasa hivi. Wote."

Basi wazee wakajichomoa madawatini, wakafuatana barabarani na fimbo zao na mikoba yao, polepole, watu wakitoka madukani kuuliza kuna msiba wa nani. Walijazana mbele ya mlango mpya. Mkunga aliuweka ufunguo kwenye tundu. Akazungusha, mlango ukafunguka, Mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

Mkunga hakuingia. Aliuvuta mlango akaufunga, akautoa ufunguo, akauchanganya na funguo zake nyingine, akafumba macho, akautafuta kwa vidole, akaupata, akafungua. Akafunga tena. Akachanganya tena, akautafuta, akafungua. Makofi yalikatika yenyewe. Komeo alisimama nyuma yake kwenye magongo, na ndipo alipoelewa kwamba kitu kinachojaribiwa pale mlangoni si ufunguo wake. Aliona haya kuliko alivyoona darasani, akamngoja mpaka aridhike.